Kofia Niliyoitoa Kwenye Begi Lako

Kiponda, Unguja
Usiku wa kuamkia Jumatano, Mfungo Pili

Mwanangu Mundhir,

Salamu zangu ulizipata jioni pamoja na sahani ya biriani, mbele ya wageni, kwa hiyo hapa sizirudii. Naanza na jambo lenyewe.

Nimefungua begi lako. Kofia ya Bi Mize, ile ya viua vilivyoungana kama mkufu, uliyoizungushia fulana ya buluu ukaisukuma katikati ya viatu, haimo tena. Usiitafute. Usimwamshe dada yako kumuuliza, wala usiende kugombana na wapakia mizigo uwanja wa ndege. Ninayo mimi. Ukiwa unasoma haya, mimi na ami yako Seif tuko njiani kwenda Makunduchi, na kofia nimeipakata.

Najua umeshaiuza. Karatasi ya oda niliikuta imekunjwa ndani yake: bwana harusi wa Maskati, kipimo cha kichwa chake, na jibu lako chini, "Nakuja nayo mwenyewe, utaipata kabla ya Ijumaa, utalipa ukishaiona." Umemwahidi mtu. Na mimi leo baada ya Alasiri, ulipokuwa umekwenda kunyoa, nimemwahidi mtu mwingine kofia hiyo hiyo. Bi Mize mwenyewe, aliyeishona, alipiga kwa simu ya mjukuu wake Makame.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, Zuwena. Hamjambo huko mjini? Ile kofia yangu ya mkufu ipo?"

"Ipo."

"Hamjaiuza kwenye hayo makompyuta yenu?"

"Hatujaiuza, Bi. Ipo hapa."

"Basi niwekee. Huyu Makame kapata mchumba, na nnataka siku ya ndoa avae mkono wangu. Nnakuja keshokutwa kuichukua."

Nikamsikia Makame kwa nyuma anacheka. "Mwambie Bi Zuwena aitie wanga kidogo tu, isiwe ngumu kama sufuria!" Nikacheka na mimi. Nikasema, "Karibuni. Mtaikuta."

Nilisema ipo kwa sababu daftari langu lilisema ipo. Boksi lenyewe lilikuwa nyuma ya kisogo changu na sikuinuka. Nimekuja kuinuka baada ya Isha, wageni walipoanza kuaga, nikitaka kumpelekea baba yako aitie wanga. Nikafungua boksi, nikakuta karatasi ya kuzuia vumbi na alama ya duara mahali kofia ilipokuwa imekaa. Shangazi yako alikuwa ananisemesha mlangoni na mimi namjibu "naam, naam," na sijui mpaka sasa aliniambia nini.

Ningeweza kukuamsha. Lakini najua yangekuwaje. Ungesema, "Mama, mimi niliiandika kwenye kompyuta tangu Alhamisi, wewe hukutazama." Nami ningesema hukukata uzi mwekundu, alama yangu ya kofia isiyouzwa. Ungesema nyuzi ni mambo ya kizamani. Baba yako angeamka, na tungeambiana maneno ambayo wewe ungepanda nayo ndege na mimi ningebaki nayo dukani. Kwa hiyo nakuandikia. Ya pasipoti, ya tiketi, ya dawa ya kifua na namba za binamu yako nimeshakwambia mpaka umechoka kusikia. Humu hayamo.

Pengine unajiuliza kwa nini kofia moja initoe nyumbani asubuhi ya safari yako. Nitakueleza, na sehemu yake hujapata kuisikia.

Wewe umezaliwa ukazikuta kofia za mali kauli, ukaziona jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni. Mshonaji anakuja na kofia aliyoitoboa viua, vile vitundu vya nakshi, kwa miezi, anaiacha kwetu bila kulipwa, na mpaka itakapouzwa ni yake. Akija asubuhi akisema nipe, unampa. Humuulizi sababu wala hununi. Kazi yetu ni kuitunza na kujua iko wapi. Nusu ya kofia zinazolala dukani mwetu si zetu, Mundhir. Mteja hajui hilo, na kompyuta yako haijui.

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa karani wa bohari. Huko kila rafu ilikuwa na kadi yake imening'inia pale pale kwenye bidhaa. Ukitoa kitu unaandika ukiwa bado umekishika. Niliipenda kazi ile. Nilipoacha na kufungua duka na baba yako, nikajiona nimeendelea: nikaziondoa kadi, nikahamishia kila kitu kwenye daftari moja zuri lenye mistari, nikaliweka mezani. Nilifurahi kwamba naweza kuendesha duka zima nikiwa nimekaa. Sikujua kwamba nimeitenga hesabu na kitu chenyewe, na kwamba siku moja vitaacha kufanana.

Duka likiwa moja, haikuonekana. Kofia zilikuwa hapa, macho yangu yalikuwa hapa. Kisha tukapata kabati la kioo kwenye hoteli moja ya Mbweni, wewe ukiwa bado chuo cha Kurani. Watalii walikuwa wakizipenda, na binti wa mapokezi alikuwa akituuzia. Nilizigawa kofia, hizi Kiponda, hizi Mbweni, na kila jioni ya Alhamisi nakwenda kutazama zilizobaki. Kati ya Alhamisi na Alhamisi nilikuwa kipofu, ila sikujijua.

Siku moja akaja mzee mmoja wa Malindi, mtu wa heshima zake, akitaka kofia ya kuendea hija. Nikafungua daftari, nikamwambia ninayo ya kipimo chake, iko Mbweni, njoo kesho utaikuta. Kesho yake asubuhi nakwenda Mbweni, binti ananiambia, "Bi Zuwena, ile nshaiuza jana mchana. Kaondoka nayo Mtaliano, kaivaa na kaptula." Nikarudi mjini najua mzee atakuja baada ya Adhuhuri. Nikaona aibu. Kwenye boksi palikuwa na kofia ya Bi Mize ya kipimo hicho hicho, tena nzuri zaidi, ya mali kauli. Nikamuuzia hiyo.

Mpaka hapo hapana kosa. Kofia ililetwa iuzwe. Lakini siku mbili kabla, Bi Mize alikuwa amenitumia mtu: kofia yake asiuziwe mtu, atakuja kuichukua, kuna mgeni wake wa Pemba anaitaka. Mimi nikasema sawa, sikuandika, kwa sababu daftari langu lilikuwa na safu ya kilichoingia na safu ya kilichotoka. Halikuwa na safu ya kilichowekwa.

Alikuja mwenyewe, na mkoba wake wa ukili, akakaa kwenye lile benchi unalokalia wewe na rafiki zako. Nikaanza kumpa maelezo marefu. Mzee wa Malindi, hija, Mtaliano, binti wa Mbweni. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu, "Zuwena, mimi sikukuuliza imeuzwa kwa nani. Nimekuuliza iko wapi."

Akasimama, akazitaja kofia zake zote zilizokuwa dukani moja moja kwa majina ya viua vyake, hakukosea hata moja, akazitia mkobani akaondoka. Na wanawake wengine wa Makunduchi wakamfuata. Mwaka ule tuliuza kofia za mashine kutoka nje, unakumbuka, zile zilizokuwa zikibadilika rangi zikifuliwa. Ulidhani biashara imekuwa ngumu kwa sababu ya mambo ya nchi. Ilikuwa ngumu kwa sababu yangu.

Ilinichukua muda mrefu kwenda kwake. Nilipokwenda hakunitukana wala hakunichangamkia. Alinipa uji, akaendelea kushona. Nilipokaribia kuondoka ndipo akaniambia, "Nitaleta. Lakini ukinambia ipo, iwe ipo." Ndilo sharti pekee alilotoa, na nimelishika tangu hapo mpaka leo baada ya Alasiri.

Sasa unaona nilichokipakata.

Nataka nikutendee haki pia, kwa hiyo nitasema na yako. Ulipoanza mambo ya intaneti pale Michenzani, na mwenzako yule mwembamba aliyekuwa akila andazi juu ya kibodi, mimi nilikuwa wa kwanza kukucheka. Ulinionyesha tovuti, nikaona kofia zetu zimepangwa kama meno, nikakuuliza, "Sasa mteja ataijaribuje kichwani?" Ukanambia atapima kwa kamba atuandikie. Nikasema hakuna mtu mwenye akili atakayenunua kofia kwa kamba. Oda ya kwanza ilipokuja, uliiweka mezani mbele yangu hukusema neno. Ulikuwa na haki ya kusema.

Baadaye ukaongeza ule mtandao wa mnada wa nje. Wewe ndiye uliyeanza kuyaita madirisha. "Mama, sasa tuna madirisha manne. Kiponda, Mbweni, tovuti na mnada." Nikakuuliza kofia moja itatokeza vipi kwenye madirisha manne. Ukasema ndiyo uzuri wake: kofia moja, macho ya dunia nzima, wa kwanza kuitaka ndiye wake. Na wa pili? Ukasema wa pili ataona imeondolewa. Na kama hujawahi kuiondoa? Ukacheka. "Mama, itachukua dakika."

Kisha umeme ukakatika kisiwa kizima, na dakika yako ikawa wiki. Huo ndio wakati ambao tulikuwa bado na mpango wa kubipu: binti wa Mbweni akiuza, anakubipu mara mbili, unakimbia kwenda kuifuta kofia kwenye tovuti na kwenye mnada. Mpango mzuri, hauli hata salio. Lakini simu ziliisha chaji, yeye yake na wewe yako, na kafe za intaneti zikafungwa. Sisi tukawa tunauza dukani kwa taa ya kandili na kusema angalau wateja wa mguu hawajatutupa. Hatukufikiri kwamba tovuti haikai Unguja. Ilikuwa huko ilikokuwa, kwenye mwanga wake, inaendelea kuonyesha kila kofia na kusema zote zipo.

Uliporudi kutoka hoteli moja yenye jenereta, ulikokwenda kutazama oda, ulisimama mlangoni huingii.

"Mama, tumeuza."

"Alhamdulillahi."

"Tumeuza ambazo hatuna."

Baba yako alikuwa anavalisha kofia kwenye kalibu lake la mbao, akasema bila kugeuka, "Basi wamenunua picha. Wapelekee picha." Ulikaa chini ukaandika majina ya watu waliokuwa wanangoja. Na mimi niliyekulea kwa kusema ukweli nikakwambia, "Waandikie kwamba zimepotelea posta."

Nililisema hilo. Kwenye shajara yangu ya siku ile nimeandika "umeme bado, oda nyingi, M. kachoka" na sikuandika nililokwambia, kwa sababu hata peke yangu sikutaka kulisoma. Wewe ulinitazama. Ukasema, "Hapana, Mama. Posta haijatukosea." Ukakopa muda wa jenereta, ukamwandikia kila mmoja: kofia yako iliuzwa dukani kabla ya oda yako, kisiwa hakina umeme, hatukuweza kuiondoa, kosa ni letu, pesa yako inarudi. Wengine walikasirika. Yule bibi wa mbali aliyejibu kwamba atangoja ishonwe nyingine, bado ni mteja wetu, na kila Idi anatuandikia kuuliza hali ya umeme. Ulikuwa kijana mdogo na uliona sawa kuliko mimi.

Nyuzi nilizianzisha baada ya hapo, na najua hukuzipenda. Kila kofia inayopandishwa kwenye madirisha yako nikawa naitia uzi mwekundu kwa ndani, kwenye ukingo. Anayeiuza, popote, anaukata uzi kwanza, kabla ya kupokea pesa, kabla ya kufunga, kabla ya kubipu. Ulisema nimerudi nyuma miaka. Nilikuwa nimerudi kwenye kadi ya bohari, iliyoning'inia kwenye kitu chenyewe. Na ulipounda ile orodha yako ya kompyuta yenye rangi, nilikubali kwamba inaona mbali kuliko uzi. Bado nakubali. Uzi hauwezi kumwambia mtu wa Mbweni chochote. Lakini orodha yako haiwezi kuniambia mimi chochote umeme ukiwa haupo na wewe umekwenda kunyoa.

Alhamisi uliiuza kofia ya Bi Mize, ukaweka alama kwenye kompyuta, ukaitoa kwenye boksi moja kwa moja ukaitia begini. Uzi bado umo, nimeuona. Leo mimi niliambiwa neno kwa simu nikafungua daftari, ambalo hukuligusa kwa kuwa umeliacha miezi. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake na kila mmoja aliiamini. Kofia ilikuwa imelala kimya ndani ya fulana. Kama kuna wa kubeba zaidi ni mimi, kwa sababu mimi nilishawahi kuondolewa mkoba mzima mbele ya macho yangu kwa jambo hili hili, nami sikuinuka kwenye kiti.

Najua utakachosema, na sitaki ukiseme peke yako kwenye chumba kitupu bila jibu. Utasema kwa desturi ya mali kauli una haki: uliiuza Alhamisi, yeye kaitaka Jumanne. Ni kweli. Nimelizungusha hilo tangu wageni walipoondoka. Lau ningemwambia pale pale, "Bi Mize, samahani, Mundhir keshaiuza," angesikitika na angekubali, kwa kuwa aliileta iuzwe. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia ipo, akaniuliza tena, nikarudia. Sasa Makame ameshaambiwa, na pengine mji mzima wa Makunduchi umeshajua atavaa nini.

Na kuna jambo ambalo wewe hukulifikiria, na mimi sikulifikiria mpaka nilipoishika mkononi. Kofia ikiwa Kiponda, Bi Mize anaweza kupanda gari akaja akasema nipe. Ikiwa Mbweni, vilevile. Ikivuka bahari ndani ya begi lako, hawezi tena. Hata ukiwa hujaiuza, umeshamnyang'anya ile haki ya kuja na mkoba. Kuanzia kesho kofia zetu zitalala nchi mbili, na madirisha yatakuwa matano. Ulipoeleza mpango huu kwa binamu zako jioni ulieleza vizuri: za wateja wa Arabuni zitoke Maskati, zifike upesi, za wengine zitoke hapa, na kompyuta iwe moja. Nilikuwa nakusikiliza kutoka jikoni na nilijivunia. Lakini hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza, ni kofia za nani zinazosafiri.

Nimezipitia zilizobaki begini. Zote ni zetu, tulizozilipia, isipokuwa mbili za Bi Kazija, na huyo nilimuuliza mwenyewe akasema nenda nazo. Ziko salama. Hii ya Bi Mize peke yake ndiyo iliyokuwa inaondoka bila mwenyewe kujua.

Huko uendako utakuwa na baridi ya mashine na intaneti isiyokatika, na utasahau kwamba huku inakatika. Nakuomba usisahau. Ukiona Kiponda kimya, usidhani hatujauza. Dhani hatuna umeme, na zile zilizo kwangu zifiche mpaka unisikie sauti. Mzigo ukiwa njiani kati yetu, usiwe kwenye dirisha lolote, hata kama unajua ndege yenyewe na saa ya kutua. Hutapenda. Utaona unapoteza wateja. Nami nimepoteza kwa kusema haipo, lakini hao walirudi wiki nyingine. Wale niliowapoteza kwa kusema ipo niliwafuata mpaka majumbani kwao, na kuna ambao sijawapata hadi leo. Yule mzee wa Malindi alikufa kabla sijamwambia kwamba alikwenda hija na kofia iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Jambo dogo. Hunijia kichwani kila msimu wa hija.

Daftari ntaliacha. Umeshinda. Nitajifunza hiyo orodha yako ya rangi, dada yako amekubali kunifundisha, ijapokuwa alisema, "Mama usibonyeze kitu mpaka nikwambie," kama vile mimi ndiye mtoto. Nyuzi siziachi.

Sasa, ninachokwenda kufanya. Sitamwomba Bi Mize kwa simu, kwa kuwa kwa simu ndiko nilikomdanganya. Nitampa kofia mkononi kwanza. Ikishakuwa mkononi mwake ndipo nitamwambia: nilisema ipo, sikuwa nimetazama, Mundhir alishaiuza Alhamisi kwa kijana anayeoa Ijumaa. Sitamtaja Mtaliano wala posta wala umeme. Kisha nitanyamaza. Mbele yake kutakuwa na bwana harusi wake aliyemlea na bwana harusi wa watu asiyemjua, na uamuzi ni wake. Akiukata ule uzi mwekundu akanirudishia, imeuzwa, na utaipeleka. Akiiweka kichwani kwa Makame, imekwisha, na sitasema neno la kumbembeleza. Nakujua, ungetaka nimwahidi kwamba tutamlipa zaidi. Sitafanya hivyo. Huyu mtu hajawahi kuniuliza bei kabla ya kuniuliza iko wapi.

Inawezekana pia akachukua mkoba wake akaja kuzitoa zake zote. Zipo kofia zake nyingine dukani, unazijua. Nimeziweka tayari juu ya meza, zote, nimezitazama kwa macho na kuzishika kwa mkono. Akizitaka, dada yako atampa.

Yako ni haya, na ufanye kabla hujanywa chai. Hakikisha kofia ya mkufu imefutwa kwenye tovuti na kwenye mnada, na umpigie binti wa Mbweni aitoe ile picha yake tuliyomwachia kabatini. Kisha mwandikie bwana harusi wa Maskati. Usingoje nirudi ujue la kumwandikia. Akijua leo, bado ana siku ya kutafuta kofia nyingine kwao. Mwandikie kama ulivyowaandikia wale wa wakati wa kiza: kwamba kofia ina mwenyewe, mwenyewe anaulizwa asubuhi hii, na jibu lake hulijui. Usimwahidi ya kufanana nayo. Haipo ya kufanana nayo. Ukishindwa kupata maneno, kumbuka yale uliyonijibu mimi ukiwa umekaa na yale majina mbele yako, ulipokuwa huna kitu cha kuwapa watu isipokuwa ukweli.

Baba yako hajui. Mwambie wewe, kwa utaratibu, na umwambie asiniwekee uji.

Ndege ni ya jioni. Barabara ya Makunduchi ami yako anaijua, na gari lake lina mafuta. Nikichelewa kurudi nyumbani, nitakuja moja kwa moja uwanjani. Simama karibu na mlango wa abiria, upande wa kivuli, nikuone. Utatazama mikono yangu kabla ya uso, najua, hata mimi ningetazama mikono. Ukiniona nimeshika kitu, njoo upesi tukifunge vizuri, safari hii bila viatu. Ukiniona mikono mitupu, njoo vilevile.

Mama yako,
Zuwena